Kurudisha nyasi bahari: mwongozo kwa vikundi vya wavuvi wa pwani

Mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, hahitaji kuelezwa kwamba tafi hukaa majanini. Anajua, ndiyo maana hashushi dema lake kwenye mchanga mtupu. Tabu huanza siku anapofika pale pale baba yake alipokuwa akishusha, akavaa miwani, akachungulia chini, akaona mchanga mweupe umetandaa kama sakafu iliyofagiliwa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya siku hiyo. Nimewaandikia BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe), kamati za wavuvi za shehia, akina mama wanaochokoa pweza, na kikundi chochote chenye mtumbwi, miwani miwili mitatu na subira ya miaka. Subira naitaja mapema kwa sababu ndiyo kifaa kinachokosekana zaidi.

Kwanza tuelewane majina

Kuanzia Lamu hadi Mtwara watu wengi huita "mwani" kila jani lililomo majini. Kwa mazungumzo ya kawaida haidhuru. Kwa kazi hii inadhuru, kwa sababu vitu hivi viwili havipandwi kwa njia moja.

Mwani, kama ule unaolimwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, hauna mizizi ya kweli. Ukiufunga kwenye kamba unakua. Nyasi bahari ni mmea kamili kama mpunga: una mizizi, shina linalotambaa chini ya mchanga, maua na mbegu. Pwani yetu ina aina zipatazo 12. Samaki wachanga hujificha humo, tafi na pono hula majani yenyewe au vinavyoota juu yake, kasa na nguva hulisha humo, na mizizi hushika mchanga ili ufuo usiliwe na mawimbi. Ukizifunga nyasi kwenye kamba kama mwani, utakuwa umetundika maiti.

Na wakulima wa mwani waniwie radhi, lakini kusafisha shamba kwa kung'oa nyasi kabla ya kupigilia vijiti ni hasara ya pande mbili. Mchanga hulegea, vijiti hung'oka, na samaki huondoka. Kama chini kuna nyasi nene, sogeza shamba hadi kwenye mchanga ulio wazi, au inua kamba juu zaidi ili mwanga upite.

Hatua ya kwanza: jueni zilikufaje

Kabla ya kutafuta hata mche mmoja, tafuteni chanzo cha kifo. Waiteni wazee wa bahari, wake kwa waume, muwakalishe pamoja. Waulizeni: majani yalifika wapi ulipokuwa kijana? Yalianza kupungua lini? Yaliondoka kwa mara moja au kidogo kidogo? Chora ramani mchangani, kisha nakili kwenye karatasi kubwa. Mwenye simu nzuri afungue picha za zamani za setilaiti za eneo hilo na kulinganisha mabaka meusi ya mwaka mmoja na mwingine. Hapo muwe waangalifu, maana jiwe na magugu ya bahari navyo huonekana vyeusi kutoka angani. Picha ibishane na mzee, na mtu azame akaamue.

Vyanzo vyenyewe si vigeni. Juya, wavu unaokokotwa chini, hung'oa kila kilichoota, na nchini Kenya limepigwa marufuku tangu mwaka 2001, ingawa marufuku ya karatasi na ya ufukweni ni mambo mawili. Nanga zinazotupwa mahali pamoja kila siku na rafadha za boti za watalii wakati maji yako kidogo huacha makovu marefu ambayo huchukua miaka kufunga. Udongo wa mito huziba mwanga. Aliyewahi kuona maji ya Malindi yakigeuka kahawia Mto Sabaki unapofurika anajua ninachosema. Maji machafu ya majumbani na mahotelini huotesha ute juu ya majani hadi yakakosa pumzi.

Lakini kuna chanzo kimoja ambacho watu hukisahau, nacho kimefanya madhara makubwa kwenye pwani ya Mombasa na ya Diani hadi Chale. Ni fuma. Simsemi yule mweusi wa miiba mirefu anayekuchoma mguu. Nasema mwenzake wa miiba mifupi, wataalamu humwita Tripneustes gratilla, mwenye tabia ya kujitwika vipande vya majani mgongoni kama mtu aliyejifunika mkeka. Huyu hula nyasi. Akiwa mmoja mmoja ni mwenyeji wa kawaida, hana neno. Wakiwa kundi hupita kama nzige, wakala majani, wakatafuna hadi shina, na nyuma yao hubaki vijiti vikavu vinavyooza.

Kwa nini huwa kundi? Kwa sababu tumemaliza wanaowala. Kikande, samaki mwenye meno kama koleo, ndiye mlaji mkubwa wa fuma katika miamba yetu. Ni rahisi kunaswa na huzaana polepole. Palipovuliwa sana kikande hutoweka, fuma huongezeka, nyasi huliwa, tafi hukosa pa kukaa, na mvuvi huongeza nyavu ili apate kilekile cha jana. Kikundi kitakachoona mnyororo huu kwa macho yake kimeshafanya nusu ya kazi, kabla ya kulowesha mguu.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: chanzo kikiwa bado kipo, usipande. Watu hunichukia kwa hili, hasa wafadhili wanaotaka picha. Lakini tazama Marekani, kwenye ghuba za pwani ya Virginia. Nyasi zao ziliteketea miaka ya 1930 kwa ugonjwa, kisha kimbunga cha 1933 kikamalizia. Wanasayansi walipoanza kumwaga mbegu mwishoni mwa miaka ya 1990, ugonjwa ulikuwa umekwisha na maji yalikuwa safi. Kilichokosekana ni mbegu tu. Katika miaka ishirini walimwaga zaidi ya milioni 70, na leo kuna malisho ya takriban hekta 3,600. Ufanisi ule haukutokana na ufundi wa ajabu. Walipanda mahali ambapo muuaji alikuwa ameshaondoka.

Na mara nyingine, muuaji akiondoka, hata kupanda si lazima. Kama pembeni ya eneo tupu bado kuna mabaka mazima, ondoeni juya, hamisheni nanga, ngojeni mwaka mmoja au miwili. Mashina yatatambaa yenyewe, bure.

Hatua ya pili: kikao kabla ya mche

Eneo mtakalolifunga ni la mtu. Halina hati, lakini ni la mtu. Pengine ni pale vijana wanapotegea dema, pengine ndipo akina mama wanapotembea maji yakipwa wakichokoa pweza na kuokota kombe. Hao wa mwisho aghalabu hawaitwi kwenye kikao, kwa kuwa hawana vyombo na majina yao hayamo kwenye daftari la wavuvi. Waiteni, tena wa kwanza. Mkifunga njia yao bila kuwauliza wataivuka, nao watakuwa na haki.

Pwani ya Kenya tuna neno zuri, tengefu, kwa eneo ambalo kijiji chenyewe kimelitenga. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi walitenga sehemu ya bahari yao mwaka 2005, takriban hekta 30, na mwaka 2017 wakatunukiwa Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa. Yafaa mtume watu wawili watatu wakaone na kuuliza maswali magumu: nani alipinga? Mlimfanyaje aliyeingia usiku? Doria inalipwa na nani?

Tahadhari moja kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na kwa yeyote aliyezoea kufunga mwamba kwa ajili ya pweza. Pweza hukua mbio. Mnafunga miezi mitatu, mnafungua, mnajaza vikapu, kila mtu anacheka. Nyasi haziko hivyo. Mtu akisimama kikaoni akaahidi kwamba mwaka huu tukipanda mwaka huu tutavuna, mkalisheni chini kwa heshima. Ahadi hiyo ndiyo itakayoua mradi mwezi wa sita. Semeni ukweli: miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuona malisho yanayoitwa malisho, na kwa aina zinazokua polepole zaidi ya hapo.

Kwa hiyo anzeni na eneo dogo ambalo kulipoteza hakutamlaza mtu na njaa. Kubalianeni kwa maandishi mipaka yake (maboya, au alama za nchi kavu kama mnazi na mnara wa msikiti, ambazo kila nahodha anazijua), vifaa visivyoruhusiwa, na faini. Kisha ombeni kibali. Kenya mtapitia Huduma ya Uvuvi na kushauriana na taasisi ya utafiti KMFRI, ambayo ina kituo Gazi; ndani ya hifadhi kama Kisite-Mpunguti au Watamu ni lazima KWS, shirika la wanyamapori, waridhie. Zanzibar ni idara ya uvuvi pamoja na taasisi yake ya utafiti, ZAFIRI. Mafia ni Hifadhi ya Bahari. Kupanda bila kibali kunaweza kuwafanya nyinyi ndio washtakiwa, jambo ambalo lingekuwa kichekesho.

Hatua ya tatu: chagueni mahali, na mpajaribu

Mahali pazuri ni pale palipokuwa na nyasi zamani, ambapo mzee ameapa na picha imekubali. Pasipowahi kuwa na nyasi pana sababu yake.

Mwanga mtaupima kwa sahani. Chukueni sahani nyeupe, itobolewe, ifungwe kamba yenye mafundo kila nusu mita na jiwe kwa chini. Ishusheni mchana, jua likiwa juu. Pale inapopotea machoni, hesabuni mafundo. Kama sahani inapotea kabla ya kugusa chini, nyasi hazitapata mwanga wa kutosha. Rudieni mara kadhaa, pamoja na siku baada ya mvua kubwa, kwa maana maji safi ya kaskazi yanaweza kuwadanganya.

Mchanga mtaupima kwa vijiti. Pigilieni vijiti kumi vifupi vyenye alama, mviache mwezi mmoja wa kusi. Vikifukiwa au vikifukuliwa kwa kiganja kizima, mchanga wa hapo unatembea mno.

Kisha, badala ya kupanda eneo lote, pandeni viraka vidogo vya majaribio vya mita moja kwa moja, vitano au sita, mahali tofauti tofauti. Vingojeni msimu mzima. Vitakavyobaki hai vitawaambia pa kwenda, na hamtakuwa mmepoteza zaidi ya siku mbili za kazi.

Hatua ya nne: aina ipi

Msibabaike na majina ya Kilatini, ila myajue sura.

Nyasi yenye shina gumu kama kijiti na kishungi cha majani juu, mfano wa mnazi mdogo, ni Thalassodendron ciliatum. Hii ndiyo inayotawala sehemu nyingi za pwani ya Kenya, huota hata kwenye kifusi cha matumbawe, na ndiyo fuma wanayoipenda. Hurudi polepole sana. Ina jambo moja la kupendeza: haiangushi mbegu, bali hulea mche juu ya mama hadi ukomae, kama mkoko. Ukiokota miche hiyo ikielea au ikiwa imeletwa ufukweni bado mibichi, umepata mbegu bila kumjeruhi mzazi.

Yenye majani mapana kama utepe, yanayoweza kupita urefu wa mita, na nywele nyeusi ngumu kwenye kitako, ni Enhalus acoroides. Yenye majani mafupi yaliyopinda kidogo kama mundu ni Thalassia hemprichii, mvumilivu wa maji kupwa. Yenye majani ya mviringo kama tambi ni Syringodium. Zile nyembamba kama uzi, Halodule, na zile za vijani vidogo vya duara, Halophila, ni za kwanza kurudi palipoharibiwa, kama magugu yanavyolitangulia shamba lililoachwa.

Ushauri wangu: igeni bahari. Kama mchanga ni mtupu kabisa na unasogea, tangulizeni Halodule zishike mchanga, kisha zije kubwa. Na chochote mpandacho, kitoke kina kilekile mnachokipanda. Nyasi ya maji ya kiunoni ukiipandisha pale panapokauka jua la mchana itaungua.

Hatua ya tano: kuchukua bila kuua

Bandubandu huisha gogo, na malisho mazima huisha kwa mtindo huohuo. Chukueni kipande kimoja, sogeeni hatua kadhaa, chukueni kingine. Msichimbe pembezoni mwa malisho, kwa sababu ukingo ndio unaopigana na mawimbi, na ukifunguka shimo huendelea kupanuka. Mashimo yafukieni kwa mchanga palepale. Kabla ya yote hayo, baada ya dhoruba pitieni ufuoni na kwenye maji madogo mkaokote vilivyong'oka vyenyewe: kila chenye shina lililo hai, mizizi na ncha inayokua kinafaa.

Kuna njia mbili za kuchukua. Ya kwanza ni donge: bomba la plastiki la upana wa sentimita 10 hivi linazamishwa mchangani, linazungushwa, linazibwa juu kwa kiganja na kutolewa na donge lake, mizizi na mchanga vikiwa havijavurugika. Ni kazi nzito lakini mmea hautambui umehama. Ya pili ni mche mtupu: mnatoa kipande cha shina chenye vichipukizi vitatu au vinne na mnasafisha mchanga. Ni vyepesi kubeba, mtu mmoja hubeba mia, ila vinahitaji kushikizwa.

Vyovyote vile, visikae nje ya maji. Ndoo ya maji ya bahari, gunia bichi juu yake, kivulini, na vipandwe siku hiyohiyo. Nimeona miche imeachwa kwenye mtumbwi wakati watu wanakula chakula cha mchana. Ilipandwa, ndiyo, lakini ilikuwa imeshakufa.

Hatua ya sita: kupanda

Msimu kwanza. Kusi likianza Aprili, bahari haitaki mgeni. Pandeni linapokwisha, kati ya Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, ili mizizi ipate miezi mitano au sita kabla ya mawimbi ya mwaka unaofuata. Nilihudhuria upandaji mmoja uliofanywa mwezi wa Mei kwa sababu ndiyo tarehe iliyowafaa wageni wa heshima. Fulana zilikuwa nzuri, ngoma ilichezwa, hotuba zikatolewa. Julai hapakuwa na hata mche mmoja.

Saa nazo. Mombasa na jirani zake maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo kwa maeneo ya maji madogo pangeni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, muwe mmefika saa mbili. Kwa maeneo ya kuzamia, siku za maji mafu ni bora, mkondo ukiwa mdogo.

Gawanyeni kazi: wawili wanachimba, mmoja anatia, mmoja anafukia na kushindilia kwa mikono, mmoja anaandika. Nje ya mstari wa kupanda asikanyage mtu. Miguu ishirini ikizunguka ovyo huharibu zaidi ya ilivyopanda.

Madonge yatiwe kwenye shimo la kina chake, usawa wa mchanga. Miche mitupu ilazwe kwenye mfereji wa vidole vinne, shina mlalo, majani juu, kisha ishikizwe kwa waya wa chuma wa kawaida uliopindwa kama pini ya nywele, au kijiti cha mwanzi. Chuma huoza na kuisha. Waya wenye plastiki na kamba za nailoni msivitie humo.

Palipo na mkondo, gunia la katani husaidia sana. Litandazwe chini, lipigiliwe pembe, litobolewe matundu, na kila tundu litiwe mche. Gunia hushika mchanga hadi mizizi ishike yenyewe, kisha huoza. Narudia, la katani. Gunia la sukari au mchele la siku hizi ni plastiki, litakuwa humo wajukuu wenu wakivua.

Umbali unategemea utulivu wa maji. Palipotulia, nusu mita kati ya mche na mche inatosha. Penye mawimbi, pandeni kwa mafungu, miche imesogeleana kwa robo mita au chini, maana nyasi husaidiana: za nje huvunja nguvu ya maji, za ndani hushika mchanga. Kiraka cha mita 10 kwa 10 kwa nafasi ya nusu mita kinataka miche kama 400.

Hapo fanyeni hesabu ya kiutu uzima. Uchambuzi wa majaribio 1,786 ya kupanda nyasi bahari duniani, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 37 ndizo zilizonusurika. Kwa miche yenu 400 ni kama 148. Anayejua hivyo toka mwanzo halii akiona 150 zimebaki. Uchambuzi huohuo ulionyesha pia kwamba upandaji mkubwa hufaulu kuliko wa kujaribujaribu, na kwamba ukaribu na malisho mazima husaidia. Kwa kikundi kisicho na fedha nyingi maana yake ni kuongeza eneo kila mwaka palepale penye dalili njema, badala ya kurukia ghuba mpya kila ufadhili unapokuja.

Hatua ya saba: fuma na doria

Miezi sita ya kwanza kiraka ni kama kitalu cha mchicha karibu na mbuzi. Kila bamvua watu wawili wapite na glavu na ndoo. Fuma wa miiba mifupi waliomo ndani waokotwe, wahesabiwe, waandikwe, wapelekwe mbali penye jiwe. Baadhi ya wavuvi wa dema huwaponda kuwa chambo, nayo ni njia nzuri ya kuwatumia. Wale weusi wa miiba mirefu hawana kosa kubwa hapa, waacheni.

Dawa ya kudumu ni kikande. Kubalianeni kwamba anayenaswa akiwa hai anarudishwa majini, ndani ya tengefu na nje yake. Ni makubaliano magumu kwa mtu aliyeamka na kikapu kitupu. Mahali pengine wameanza kwa kurudisha wadogo tu. Si kamili, lakini ni mwanzo.

Hatua ya nane: pimeni, kwa daftari

Tengenezeni fremu ya mraba ya mabomba ya plastiki, sentimita 50 kwa 50, itobolewe ili izame. Nyosheni kamba ya mita 50, na kila mita 5 wekeni fremu. Andikeni: nyasi zimefunika robo, nusu, au robo tatu? Aina gani? Urefu wa majani? Fuma wangapi? Piga picha kutoka juu. Kamba tatu zilizopishana mita 25 zinatoa vipimo 33, vinavyotosha kabisa. Fanyeni siku ya kupanda, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha mara moja kwa mwaka, msimu uleule. Pimeni vilevile eneo tupu jirani ambalo hamkupanda. Bila hilo hamtajua kama ni kazi yenu au ni neema ya mwaka.

Mche ukifa, usiandike "umekufa" tu. Uangalieni. Majani yamekatwa vipande vya nusu duara: ni samaki. Yametafunwa hadi shina: fuma. Mche wote hakuna na waya umebaki: mawimbi, au haukushikizwa vizuri. Upo chini ya mchanga: mchanga unatembea. Umevaa ute na uchafu: tafuteni bomba la maji machafu. Ncha zimeungua kahawia: mlipanda juu mno. Kila kifo kina jibu la msimu ujao.

Na kwa wavuvi, daftari la pili ni muhimu kuliko la kwanza: madema yanayotegwa kando ya tengefu, idadi ya saa, kilo za tafi, pono na changu, bei ya siku. Liandikeni tangu kabla ya kupanda. Baada ya miaka mitatu mtu atakayesimama kikaoni kusema "mmetufungia bahari bure" ajibiwe kwa kurasa, si kwa kelele.

Kuhusu fedha za kaboni (malipo kwa wanaotunza mimea inayofukia hewa ukaa), kwa kuwa swali hili haliepukiki. Ni kweli mchanga chini ya nyasi hufukia kaboni nyingi. Ni kweli pia kwamba Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, umekuwa ukiuza hewa ukaa ya mikoko, na fedha zikaenda kwenye maji na shule za kijiji. Lakini mikoko huhesabika kwa kutembea, na nyasi zipo chini ya maji. Upimaji wake ni ghali na mrefu. Kikundi kinachopanda kwa ajili ya kaboni kitakata tamaa kabla ya kile kinachopanda kwa ajili ya tafi. Ikija, ije kama ziada.

Mwaka wa pili au wa tatu, zameni tena kwenye kiraka cha kwanza mkatafute waya. Pale mashina yalipotambaa hadi mche huu umegusana na wa pili na waya hauonekani tena, kazi yenu hapo imekwisha. Waya uliosalia peupe utoeni. Kisha chukueni lile bomba la sentimita 10, toeni donge la kwanza katikati ya malisho yenu wenyewe, fukieni shimo, na mlipeleke kwenye kiraka kinachofuata.